Ulitibiwa mabadiliko ya awali ya shingo ya kizazi na sasa unataka mtoto? Anza na haya

Kama uliambiwa una mabadiliko ya awali kwenye shingo ya kizazi, yani seli ambazo bado sio saratani ila zikiachwa zinaweza kuja kuwa saratani, ukatibiwa, na sasa kichwani limebaki swali moja tu, je nitazaa, jibu ni ndiyo, wanawake wengi sana waliotibiwa wanashika mimba kama kawaida na wengi wao wanafika mpaka mwisho salama. Ila kuna vitu vya kufanya kabla ya mimba na ndani ya mimba, na ni vyepesi ukivijua mapema kuliko kuja kuambiwa uko wiki ya 22 umeshalazwa. Naandika hivi kwa sababu dada zetu wengi wanatibiwa, wanaambiwa umepona nenda nyumbani, alafu hakuna anayewaeleza chochote kuhusu mimba, wanabaki na maneno ya mtaani kwamba ukishachomwa kizazi ndo basi tena.

Tuanze na hilo hilo la kuchomwa kizazi, maana linaumiza watu bure. Kilichochomwa au kukatwa sio kizazi. Shingo ya kizazi ni ule mlango wa chini, una urefu kama wa sentimita 3 mpaka 4, na mabadiliko haya yanakaa kwenye ngozi ya mdomo wa huo mlango, pale ambapo kirusi cha HPV, kile kinacholeta mabadiliko haya, kinapenda kukaa. Mfuko wenyewe ambao mtoto anakaa haujaguswa, mirija haijaguswa, mayai yako yako palepale, homoni ziko vilevile na hedhi inaendelea. Tafiti zilizojumlishwa pamoja hazijaonyesha kwamba waliotibiwa wanashika mimba kidogo kuliko wenzao, na hata mimba kutoka ndani ya miezi mitatu ya kwanza haijaonekana kuongezeka. Shida inapotokea inatokea mbele kidogo, kuanzia mwezi wa nne kwenda juu, kwa sababu mlango ndo unaobeba uzito na mlango uliopunguzwa sana unaweza kufunguka kabla ya wakati.

Kwa hiyo swali la msingi ni hili: mlango wako ulipunguzwa kiasi gani?

Tafuta karatasi yako kabla hujatafuta mimba

Hii ndo hatua ambayo ningependa kila mtu aifanye hata kama ataruka nyingine zote. Rudi pale ulipotibiwa, omba taarifa ya matibabu na majibu ya maabara, piga picha kwa simu na nakala weka nyumbani. Unatafuta vitu vitatu: ulitibiwa kwa njia gani, mara ngapi, na kama ulikatwa, kilikatwa kina cha milimita ngapi.

Njia zenyewe zipo za aina mbili. Kuna zile za kuua seli palepale bila kutoa kinyama, kama krayo ambayo ni kugandisha kwa baridi kali, na ile ya kuchoma kwa joto ambayo siku hizi inatumika sana maana kifaa chake ni kidogo na kazi inaisha ndani ya dakika chache. Alafu kuna za kukata, kama LEEP ambayo wengine wanaiita LLETZ, hapo daktari anatumia kijiwaya chembamba chenye umeme anakata kipande kinaenda maabara, na kuna koni ya kisu ambayo inafanyika theatre na kawaida inatoa kipande kikubwa zaidi. Za kukata zinapunguza mlango kuliko za kugandisha na kuchoma, na koni ya kisu ndo inapunguza kuliko zote. Kama ulipimwa kwa siki, ukafanyiwa kolposkopi (kuangaliwa mlango kwa kifaa kinachokuza) au ukachukuliwa kinyama kidogo tu cha kupima alafu ikaishia hapo, wewe hayo yanayofuata kuhusu mlango mfupi hayakuhusu.

Majibu ya maabara ya LEEP au koni huwa yana mstari mmoja wenye namba tatu, mfano 18 x 14 x 9, ni vipimo vya kipande kwa milimita. Mbili ni upana wake na moja ni kina, yani kipande kiliingia ndani ya mlango kiasi gani. Usikisie ipi ni ipi kwa sababu maabara haziandiki kwa mpangilio mmoja, muulize daktari akuonyeshe kina ni kipi, na kama walikata vipande viwili juu kwa juu vinajumlishwa. Hiyo namba ya kina ndo ya kuikariri kama unavyokariri grupu lako la damu.

Kwa nini naing'ang'ania? Mwaka 2016 zilijumlishwa tafiti zaidi ya 70 kuhusu jambo hili, na ikaonekana kuzaa kabla ya wiki 37 kulitokea kwa karibu wanawake 11 kati ya 100 waliotibiwa, dhidi ya 5 hivi kati ya 100 ambao hawakutibiwa. Lakini hiyo 11 imechanganya watu wote. Ukiwatenganisha kwa kina, waliokatwa chini ya milimita 10 hatari yao imepanda kidogo, na waliokatwa milimita 20 na zaidi imepanda karibu mara 5. Waliotibiwa zaidi ya mara moja, karibu mara 4. Na hata wanawake wenye mabadiliko haya ambao hawakutibiwa kabisa wana hatari ya juu kidogo kuliko wasio nayo, kwa hiyo sio kila kitu ni kosa la matibabu. Unaona sasa, mtu wa milimita 7 na mtu wa milimita 22 wote wanasema "nilifanyiwa LEEP" lakini mimba zao hazitakiwi kuangaliwa kwa namna moja.

Karatasi imepotea? Inatokea sana, hasa kama ulitibiwa mji mwingine au miaka mingi imepita. Mwambie daktari hivyo hivyo, na kwenye mimba chukueni tahadhari kama vile kilikatwa kingi, yani upimwe urefu wa mlango.

Kama bado hujatibiwa na unasoma hii

Hapa una nafasi ambayo sisi wengine hatukuwa nayo, ya kuongea kabla. Mwambie daktari wazi kabisa, nataka watoto, au nataka mwingine. Majibu huandikwa CIN na namba, yani daraja la mabadiliko, 1 ni madogo na 3 ni makubwa. Kama majibu ni CIN1 kwa kawaida hakatwi mtu, unafuatiliwa. Kama ni CIN2 na wewe ni kijana, inawezekana kabisa mkakubaliana kusubiri na kupima kila miezi 6 kwa sababu karibu nusu ya CIN2 zinarudi kawaida zenyewe ndani ya miaka miwili, na kwa walio chini ya miaka 30 ni zaidi ya nusu. Ila makubaliano hayo ni kwa mtu atakayerudi kupima kweli, ukijijua utapotea bora utibiwe. CIN3 hiyo usibembelezane nayo, kuna wanawake wa New Zealand ambao CIN3 zao hazikutibiwa ipasavyo na karibu 3 kati ya 10 walipata saratani ndani ya miaka 30. Tibiwa. Unachoweza kuomba ni ikatwe inayotosha na isizidi, kwa kijana ambaye eneo lenye shida linaonekana lote kwa nje mara nyingi kina cha milimita 7 mpaka 10 kinatosha.

Na kama umegundulika ukiwa tayari una mimba, usipanic. Kolposkopi inafanyika ndani ya mimba bila kumdhuru mtoto na matibabu yanasubiri mpaka ujifungue, isipokuwa pale wanapohisi ni saratani yenyewe. Mabadiliko haya yanatembea polepole, miezi 9 wanaweza kuisubiri.

Usubiri muda gani baada ya matibabu

Wiki 4 za mwanzo ni za kidonda kupona: hakuna tendo la ndoa, hakuna tamponi, hakuna kuingiza kitu chochote ukeni. Ute wa majimaji ni kawaida, wa krayo huwa mwingi mpaka unavaa pedi kila siku, na damu kidogo kidogo nayo ni kawaida. Harufu mbaya, homa, au damu inayojaza pedi ndani ya saa moja hiyo sio kawaida, rudi hospitali siku hiyohiyo. Na tafadhali, kujifukiza ukeni, kuweka vitunguu saumu, sijui shabu, sijui dawa za kusafisha kizazi, hapana. Pale kuna kidonda kibichi, unachoweka unakipandisha juu, na maambukizi yakifika kwenye mirija hapo ndo unakuwa umeharibu uzazi ambao matibabu yenyewe hayakuugusa.

Kuhusu mimba, madaktari wengi watakuambia subiri miezi 3 mpaka 6. Sababu ni mbili. Ya kwanza mlango unahitaji muda wa kujijenga, sehemu ya nyama iliyotoka inarudi ndani ya miezi hiyo, hairudi yote lakini inasaidia. Ya pili ni kipimo cha kuhakikisha seli mbaya zimeisha, kuna nchi kinafanyika miezi 6 baada ya matibabu, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unasema miezi 12, na ni raha sana kuingia kwenye mimba ukiwa na jibu safi mkononi badala ya kubeba mimba na wasiwasi kwa pamoja. Kwa hiyo tumia uzazi wa mpango kwa muda huo. Ikitokea imeingia mapema sio mwisho wa dunia, hakuna haja ya kuitoa, wewe wahi kliniki tu na useme ulitibiwa lini.

Muda huo wa kusubiri una kazi. Anza asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku kabla hujaacha kuzuia mimba. Kama unavuta sigara, acha, sigara inakisaidia kirusi kung'ang'ania na yenyewe peke yake inaleta watoto njiti. Uchafu wenye harufu ukeni tibu kwa kupima, sio kwa kubahatisha. Anayeishi na VVU ahakikishe anakunywa dawa vizuri na kirusi kimeshuka kabla ya mimba, maana kwake mabadiliko yanarudi kwa urahisi zaidi na kipimo cha ufuatiliaji hatakiwi kukikosa hata kimoja.

Kutafuta mimba yenyewe

Unafanya kama mtu mwingine yeyote, tendo kila baada ya siku moja au mbili kwenye zile siku za katikati. Kitu kimoja tu, wale wanaohesabu siku kwa kuangalia ute wa kuvutika, baada ya kukatwa unaweza kuuona umepungua kwa sababu vitezi vinavyoutengeneza viko kwenye mlango na vingine vimeondoka na kipande. Usikae unasubiri ute ambao hautakuja ukadhani hupevushi yai. Tumia vipimo vya mkojo vya kupima yai kupevuka, au fanyeni tu tendo mara kwa mara bila kuhesabu.

Kuna jambo moja adimu lakini lijue. Kwa wachache kovu linabana tundu la mlango mpaka linakuwa dogo sana au linaziba kabisa. Dalili yake inaonekana kwenye hedhi: damu imepungua ghafla baada ya matibabu imekuwa matone ya kahawia, au hedhi haiji lakini kila mwezi tumbo linakata vibaya mno kuliko zamani. Damu inatengenezwa ila inakosa pa kutokea. Hii inatibika, daktari anapanua tundu kwa vifaa maalum, ni kazi fupi. Na kama tundu limebaki jembamba na mimba imegoma, kuna njia ya kupitisha mbegu kwa mrija mwembamba moja kwa moja mpaka kwenye mfuko.

Mwaka ukipita mnatafuta bila kinga na hakuna kitu, au miezi 6 kama una miaka 35 na kuendelea, nendeni wote wawili. Nasema wote wawili kwa sababu mwanamke akishakuwa na historia ya kuchomwa, familia nzima inamwangalia yeye, yeye mwenyewe anajilaumu, anazunguka hospitali tatu nne, kumbe mwanaume hajawahi kupima mbegu hata siku moja. Kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko karibu vyote atakavyofanyiwa mwanamke, kianze hicho.

Mimba ikishaingia

Siku ya kwanza kliniki, kabla nesi hajafunga kadi yako, sema: nilitibiwa shingo ya kizazi, kwa njia fulani, mwaka fulani, kina milimita kadhaa. Hakikisha inaandikwa. Maswali ya kliniki yanauliza kisukari, presha, operesheni, na wengi wakisikia operesheni wanafikiria tumbo kupasuliwa tu, hawasemi LEEP kwa sababu hawakulazwa. Wewe sema hata usipoulizwa.

Kama ulifanyiwa krayo au kuchomwa kwa joto mara moja, au ulikatwa kidogo chini ya milimita 10, mara nyingi utaendelea na kliniki ya kawaida. Kama ulikatwa kina zaidi ya hapo, hasa kuanzia milimita 15, au ulifanyiwa koni, au ulitibiwa zaidi ya mara moja, au mimba ilishawahi kutoka ikiwa kubwa, omba kupimwa urefu wa mlango kuanzia wiki ya 16 mpaka ya 24. Omba kwa jina, ultrasaundi ya kupitia ukeni ya kupima urefu wa shingo ya kizazi, kwa sababu ile ya juu ya tumbo haioni mlango vizuri na ukisema tu "ultrasaundi" utapimwa mtoto ukarudishwa nyumbani.

Wengi wanaiogopa hiyo ya ukeni wakidhani itatoa mimba. Haitoi. Unakojoa kwanza kibofu kiwe tupu, maana kibofu kilichojaa kinaurefusha mlango kwa uongo, unalala, kifaa chembamba kilichovalishwa kondomu na jeli kinaingia kidogo tu hakifiki kwenye mlango kuusukuma, alafu unaona kwenye skrini mstari kati ya sehemu ya ndani na ya nje. Mpimaji anapima mara tatu anachukua fupi kuliko zote, anaweza akakuomba ukohoe au akakandamiza tumbo kidogo aone kama mlango unajifungua kwa ndani. Dakika chache umemaliza.

Zaidi ya milimita 25 ni habari njema. Ikishuka chini ya 25 kabla ya wiki ya 24 kuna vitu viwili vinavyotumika. Kuna projesteroni ya kuweka ukeni, mara nyingi miligramu 200 kila usiku mpaka karibu wiki ya 36, na kuna kushonwa mlango, uzi unazungushwa kama mdomo wa mfuko unavyofungwa kamba, kwa ganzi ya mgongo, na uzi unatolewa wiki ya 36 au 37. Kushonwa sio kwa kila aliyefanyiwa LEEP na daktari akikuambia huhitaji usimwone kama anakunyima, kunafaa zaidi kwa ambaye mlango umefupika na alishapoteza mimba kubwa au alishazaa njiti. Aliyekatwa mpaka mlango umekaribia kuisha anaweza kushonwa kwa kupitia tumboni, na huyo atajifungua kwa operesheni.

Kulala kitandani miezi yote hakujaonekana kuzuia njiti, na kunaweza kuleta damu kuganda kwenye miguu, kwa hiyo kama hujaambiwa na daktari wako usijifungie. Tembea, fanya kazi zako za kawaida. Tendo la ndoa nalo sio marufuku mpaka uambiwe.

Unachotakiwa kukikariri ni dalili, na hizi mfundishe na unayekaa naye: tumbo kukaza na kuachia kwa mpangilio kabla ya wiki 37, mgongo wa chini kuuma unakuja unaondoka, kuhisi kitu kizito kinasukuma chini, maji kuchuruzika hata kama ni kidogo unadhani ni mkojo, ute wenye damu. Ukiona moja usisubiri asubuhi. Chupa kupasuka mapema ni moja ya mambo yanayoongezeka baada ya kukatwa mlango, na ukiwahi kuna sindano za kukomaza mapafu ya mtoto ambazo zinaleta tofauti kubwa kwa njiti, lakini zinahitaji muda zifanye kazi, ndo maana saa chache zina thamani. Na kama uko kwenye kundi la hatari, panga mapema kujifungulia mahali penye wodi ya njiti, sio kuanza kutafuta gari la kukuhamisha uchungu umeshaanza.

Siku ya kujifungua na baada yake

Kuzaa kawaida kunawezekana, matibabu ya mlango peke yake sio sababu ya operesheni, na HPV nayo sio sababu. Mkunga ajue tu kwamba una kovu, kwa sababu mlango wenye kovu unaweza kukaa sentimita 2 au 3 masaa mengi ukadhaniwa uchungu ni wa uongo, alafu kovu linaachia na unafunguka haraka sana. Usikubali kurudishwa nyumbani kabla hujalisema hilo.

Ukishajifungua, kuna kipimo kinasubiri ambacho wengi wanakisahau kwa sababu ya mtoto. Kama mabadiliko yaligundulika ndani ya mimba, au ulikuwa na kipimo cha ufuatiliaji kilichoahirishwa, rudi kuanzia wiki 6 mpaka 12 baada ya kujifungua, unaweza kukiunganisha na siku ya kliniki ya mtoto. Na wakati huo omba kwenye karatasi yako waongeze mistari miwili: urefu wa mlango ulikuwa ngapi kwenye mimba hii, na ulijifungua wiki ya ngapi. Daktari wa mimba inayofuata ataanza na hizo namba mbili kabla hata ya ile ya milimita.